Jina la Bwanangu kwa Kiti cha Wenyewe

Njeri wangu,

Mtoto amejifunga uzi wangu wote sasa hivi, anacheka tu. Mimi shangazi yako ni mzima. Unauliza umshonee kaka yako nini, watu waupende muziki wake.

Nilipoolewa, mwenye hoteli alitaka kufukuza bendi ya bwanangu kwa kukosa watu. Nikashona vitambaa vya viti vyenye jina la bwanangu, nikapeleka kuuza dansini hapo hotelini. Mama mmoja kutoka Keringet akashangaa: "Wee! Nitandike jina la bwanako kwa kiti changu, bwana wangu si ataniacha?"

Tukacheka. Nikamshonea jina lake na la bwanake, jina la bendi chini kidogo. Jumamosi iliyofuata alileta majirani, kila mmoja anataka chake. Bendi ikabaki.

Kwa hivyo achia mnunuzi nafasi ya jina lake, maana mtu akijiona hapo karibu na wimbo, basi wimbo unakuwa wake pia... ngoja, bwanangu ananiita, mtoto amenaswa na uzi!