Ombolezo la Yakup Linachezwa

Mpendwa mshauri Bi Müzeyyen, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa. Mimi ni mwimbaji wa jazi hapa Istanbul, nina umri wa miaka hamsini na miwili na magoti ya miaka sabini, naimba Kituruki, Kilazi cha kwetu kijijini, Kifaransa na Kigiriki kidogo, mpiga ngoma wangu husema nakosea sawasawa katika zote nne, lakini ukumbi unajaa, na wimbo unaoujaza ni mmoja, ombolezo la Kilazi ambalo shangazi yangu Havva wa kule Rize alimtungia mwanawe Yakup, siku waya wa kuteremshia magunia ya chai kutoka mlimani ulipokatika ukamuua, na Yakup huyo ndiye aliyenifundisha kucheza nikiwa na miaka saba, nami nikalichukua bila kumuuliza mtu, nikalitia kasi, saksafoni na maneno ya Kifaransa, na sasa watu wakilisikia wanaacha bilauri zao, wanashikana mikono na kucheza, nami nainama kupokea makofi. Jana shangazi akapiga simu.

"Feride mwanangu, nasikia unamlilia Yakup wangu mbele za watu. Ijumaa napanda basi, nije tulie pamoja. Nikubebee jibini?"

"Nibebee, shangazi," nikasema.

Je, nijifanye mgonjwa? Au siku hiyo niuruke wimbo?

Feride, Kadıköy


Feride mpenzi, kwa magoti nakupa pole. Kuchanganya lugha si kosa. Sote hapa twagombana kwa lugha moja na kupatana kwa nyingine. Kosa ni kwamba ulichukua kilio cha mama na hukumpigia simu. Kwa miaka mingapi? Hukuandika, na nimeona kwamba hukuandika.

Usijifanye mgonjwa, maana atakaa mwezi mzima akikulisha hilo jibini. Wala usiuruke wimbo. Atakaa pale akingoja mwanawe aitwe, na hataitwa.

Kampokee mwenyewe kituo cha basi. Mpe chai, kisha hapo jikoni mwimbie ombolezo kama alivyolitunga. Halafu mwimbie unavyoliimba ukumbini, na umwambie waziwazi kwamba watu hucheza. Akikasirika, nyamaza, usijitetee kwa lugha yoyote. Muulize kama Yakup aendelee kuimbwa ukumbini au arudi naye Rize. Akisema arudi, basi, hata kama viti vyote vimeshauzwa.

Ila kabla hajajibu, mwambie ni nani aliyekufundisha kucheza. Hilo umeniandikia mimi, na sidhani umewahi kumwambia yeye.