Mkwe Hasalimiwi Juu ya Pikipiki

Zawadi mwanangu,

Hujambo na vitabu vyako? Marafa jua ni kali. Kutoka Malindi mimi nilipanda bodaboda, shangazi yako akaja kwa tuktuk na sufuria ya biriani. Nikapiga hesabu ulivyonifundisha: njia ni moja, mwendo wetu tatu kwa mbili, basi muda ni mbili kwa tatu. Dakika arobaini zangu ni sitini zake.

Kumbe dereva wangu ameoa huku. “Mama, mkwe hasalimiwi juu ya pikipiki,” akaniambia, akashuka, akachuchumaa kuamkia. Kila kijiji, mkwe. Nilipofika, shangazi yako ameshakula.

Hesabu yako ni sahihi. Jumatatu kwenye mtihani iandike vivyo hivyo. Madereva wa vitabuni hawana wakwe.

Nakuombea,
Mama