Mkono wa Babu Haukuniua

Sobe, Yomitan,
Okinawa.
3 Novemba 1998

Mpendwa Kaka Moriaki,

Kabla hata ya salamu, nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu nikiwa na miaka sita hadi wiki iliyopita nilikuwa namwogopa Babu Choei. Si kwa ukali, maana hana ukali. Niliuogopa mkono wake. Na aliyenitia hofu hiyo ni wewe.

Sasa nakusalimu vizuri. Hujambo huko São Paulo? Yale mafua uliyotuandikia mwezi wa Agosti yamekwisha? Bibi Hatsue anauliza kama unavaa soksi, na kama ni kweli mnakula maharage kila siku ya Mungu. Anataka kujua pia duka la Mjomba Seitoku linakwendaje. Sisi huku ni wazima wote. Kifundo cha Mama kimepona na ameanza tena kupanda ngazi bila kulalamika. Mimi naendelea na shule. Bado nakaa maktaba kuliko nyumbani, na bado mwalimu akiniuliza swali sauti inanipotea, hata kama jibu ninalo. Hayo hayajabadilika.

Kilichobadilika ni hili la mkono. Huenda umeshasahau. Tulikuwa kwenye baraza ya nyuma nyumbani kwa Babu, wewe ukitafuna kitu na kuangalia angalia mlangoni. Ukaniambia Babu anajua mguso. Anakugusa begani kidogo tu, kama anakupangusa vumbi. Unakwenda nyumbani, unakula, unalala, siku ya tatu unaanguka chini umekufa. Ukasema ndiyo maana polisi wameiandika mikono yake kwao kama silaha. Tena ukasema mkanda wake wa karate ulianza mweupe, ukawa mweusi kwa jasho, kwa sababu haujafuliwa hata mara moja, na siku ukifuliwa nguvu zote zitatoka na maji. Ulikuwa na miaka kumi na tatu na ulijua kila kitu. Niliyaamini yote.

Tangu siku ile Babu hakunigusa tena. Nilifanya kwa ustadi, nadhani hakuna aliyeona. Chai nilimpelekea kwenye sinia ili asiipokee mkononi mwangu. Bahasha ya pesa ya mwaka mpya niliipokea kwa ncha. Kwenye picha zote za familia nimesimama upande wa Bibi Hatsue. Nilipofika sekondari nikasoma vitabu vya karate vilivyopo maktaba ya kijiji, na kimoja kilisema wazi kwamba mguso wa namna hiyo ni hadithi tu. Nilikiamini kitabu. Lakini Babu akipita karibu yangu, bega lilishuka lenyewe. Akili ilikuwa imeelewa, bega halikuelewa.

Basi mwaka huu Babu ametimiza tisini na saba, ikawa zamu yake ya sherehe ya kajimaya. Unakumbuka ya Bibi Kama wa jirani: jinsi mzee anavyovalishwa nguo nyekundu na kupewa pangaboi la karatasi la kuzungushwa na upepo kama mtoto, kwa kuwa ameurudia utoto, kisha anazungushwa mtaani kwenye gari la wazi, na watu wanapanga foleni kumshika mkono ili wagawiwe kidogo umri wake. Na wa kwanza kuushika, kwa mtaa wetu, ni kitukuu mdogo kuliko wote wa nyumba hiyo. Hapo ndipo wengine wanafuata.

Mama alitangaza wakati wa chakula. "Chinatsu atakaa na Babu garini."

Nikasema nina mtihani.

"Jumapili?" akauliza Mama.

Usiku huo niliwaza. Nikikataa kuushika mkono mbele ya Sobe nzima, watu watasema kitukuu ameukataa umri wa mzee, na ile ni sherehe ambayo mtu hafanyiwi mara mbili. Babu ataaibika kwa sababu yangu, huku amevaa nguo nyekundu na ameshika pangaboi. Nikikubali, bega langu je? Nilijiona nikiuvuta mkono dakika ile ile, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Halafu kulitokea kisa cha mkanda, na hiki lazima nikusimulie. Siku chache kabla ya sherehe nilikuwa kwa Babu nikikata karatasi za mapangaboi. Wanafunzi wa karate walikuwa wanafagia ukumbi wa mazoezi, ule uliopo ng'ambo ya ua. Anayewafundisha sasa ni Bwana Tamaki, yule mnene auzaye tofu ya soya kwa gari. Bibi Hatsue akatoka na beseni la nguo zilizofuliwa akaanza kuanika. Shuka, taulo, soksi, kisha mkanda wa Babu, unadondosha maji.

Fagio la Bwana Tamaki lilianguka. "Mama Hatsue, umefanya nini?"

"Nimefua."

"Mkanda haufuliwi. Miaka yote hiyo ya jasho, nguvu zote..."

"Nguvu ziko kwenye mkanda?" Bibi akaubana kwa kibanio. "Kwenye mkanda kulikuwa na harufu. Nimekuwa nikiufua huu wa baba yangu kila mwezi tangu wewe hujaota ndevu. Na wako ulete, nausikia kutoka hapa."

Wanafunzi waliangalia chini ili wasicheke. Babu alikuwa dirishani akinywa chai. Akasema taratibu kwamba mkanda huo aliununua Naha, dukani, ukiwa mweusi tayari, na kwamba yeye alipojifunza karate hakukuwa na mikanda kabisa. Walifanyia uani kwa mwalimu, kwa nguo za ndani, na mke wa mwalimu akiwazomea wasikanyage vitunguu vyake.

"Sasa, mzee, mwanafunzi mzuri alijulikanaje?" akauliza Bwana Tamaki, kwa unyonge kweli.

"Ni yule asiyekanyaga vitunguu."

Kaka, nilicheka hadi nikakata mapangaboi mawili vibaya. Na nikawaza, kama la mkanda ni uongo, huenda hata yale mengine. Lakini Babu aliponinyooshea kikombe nimwongezee chai, bega likashuka vile vile. Nikachukua sinia.

Jumapili ilifika ikiwa na jua zuri na upepo wa kutosha. Gari lilikuwa lile lile la tofu la Bwana Tamaki, limeondolewa turubai na kufunikwa kwa maua na mapangaboi, ila ukikaa nyuma bado unasikia harufu ya soya. Babu aliwekwa kwenye kiti kikubwa, mimi kwenye kiti kidogo kando yake. Tulizunguka mtaa mzima, mazeze yakipigwa nyuma yetu, tukasimama mbele ya jumba la mikutano. Foleni ilikuwa imeshajipanga hadi kona ya duka la mkate.

Mwenyekiti wa mtaa akatoa hotuba. Unamjua, hotuba zake zina matawi. Akasema karate ni jasho la wakulima wetu, ambao zamani walinyang'anywa silaha, wakawaangusha askari wa Kijapani kutoka juu ya farasi kwa miguu mitupu.

Babu akaniinamia. "Mkulima gani huyo aliyekuwa na muda? Mtu ametoka kwenye miwa amechoka, arudi nyumbani aanze kuruka ruka? Walimu wa mwalimu wangu walikuwa makarani wa mfalme wetu wa zamani kule Shuri. Watu wa kukaa. Walikuwa na nafasi."

"Babu, utamwambia?" nikanong'ona. Hilo nilikuwa nimelisoma pia.

"Mwache. Amevaa tai."

Mwenyekiti aliendelea. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Babu alitazama mbele, pangaboi linazunguka mkononi mwake, kisha akasema bila kugeuka, "Mikono yako inaogopa nini?"

Kaka, mimi ambaye siwezi kujibu darasani, nilimwambia. Sijui ni kwa sababu zeze lilikuwa linapigwa na hakuna aliyesikia, au ni kwa sababu alionekana kama mtoto mwenzangu katika zile nguo nyekundu. Nikamwambia kuhusu mguso, bega, siku ya tatu.

Alikunja uso. "Nani kakwambia?"

"Kaka Moriaki."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi mwenyekiti akadhani ni hotuba yake, akaongeza sauti. "Yule! Mimi ndiye niliyemwambia. Alikuwa ananimalizia sukari guru yangu kwenye kopo. Nikamwambia, ukiligusa kopo langu tena, na mimi nitakugusa wewe."

"Akaacha?"

"Thubutu. Aliendelea kuiba, ila akawa anakimbia zaidi."

"Na wewe Babu uliisikia wapi?"

"Kwa mwalimu wangu. Alikuwa na viazi vitamu."

Kwa hiyo, Kaka, sasa nimejua ulikuwa unatafuna nini siku ile barazani.

Nikamuuliza kama kweli hajawahi kumwangusha mtu kwa pigo moja, maana watu wanasema. Akasema vita vilipofika Yomitan mwaka 1945 alimbeba mama mkwe wake mgongoni akakimbia naye, mke na watoto wakimfuata, hadi milima ya kaskazini. "Alikuwa mzito, na njia nzima ananipangia pa kupita. Karate yangu yote ilikuwa kwenye mapaja. Ndiyo maana bibi yako yupo, na mama yako, na wewe hapo umekalia mikono."

Alipozungumza tena hakuwa anacheka.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaogopa kufa? Mimi nilidhani nanuka dawa ya kuchua. Wasichana hawapendi ile harufu. Nikisikia unakuja, nanawa kwanza."

Nilikumbuka sauti ya bomba kila nilipokuwa navua viatu mlangoni kwake. Siku zote nilidhani ndiyo amemaliza kuosha vikombe.

Mwenyekiti akamaliza. Watu wakapiga makofi, kisha wakatutazama. Mama alikuwa mstari wa mbele, ameshika kamera mbele ya kifua na hapigi picha. Babu aliuweka mkono wake juu ya goti lake, umefunguka, wala hakuunyoosha kwangu. Nadhani aliniachia niamue.

Niliushika. Kwa mikono yangu yote miwili. Wewe ulisema ni mgumu kama kwato, na hilo nalo si kweli. Ni mlaini, una joto, ngozi inateleza juu ya mifupa kama karatasi ya kufungia pipi. Na ulinuka dawa ya kuchua, kidogo tu, chini ya sabuni. Kisha Babu akanipangusa vumbi begani. Alifanya kusudi, huku akinikonyeza. Bega halikushuka.

Hapo foleni ikaanza kutembea. Akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa timu ya besiboli, wazee wa miaka themanini wanaosema wao bado wadogo. Kila mmoja alimshika Babu mkono, na kwa kuwa mkono mmoja nilikuwa nimeushikilia mimi na sikuuachia, walitumia wa pili. Alipofika Bwana Nakama wa kituo cha polisi, Babu akamwambia, "Hebu mwambie huyu mtoto. Mikono yangu mmeiandika kwenu?"

Bwana Nakama akafikiri kwa uzito, kama alivyo. "Hapana, mzee. Kilichoandikwa kwetu ni baiskeli yako. Na taa yake ya nyuma haiwaki."

Tulikula nyama ya nguruwe iliyopikwa ikalainika, na yale maandazi ya mviringo ya Bibi Hatsue, na watu wakacheza hadi mwenyekiti akavua tai. Babu alisinzia kitini mapema akiwa na pangaboi lake. Bwana Tamaki alimbeba ndani, na njiani nilimwona akiuangalia mkanda uliokauka kwenye kamba. Kesho yake aliuleta wake kwa Bibi, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri.

Babu anakusalimu. Anasema sukari guru siku hizi daktari amemkataza, kwa hiyo kopo halina mwenyewe, njoo ulichukue. Bibi Hatsue anakusalimu na kurudia habari za soksi. Mama anakutumia picha moja. Utaona nipo upande wa Babu. Nisalimie sana Mjomba Seitoku, mkewe Lúcia na watoto wote, na uwaambie watoto ukweli kuhusu mikono ya watu. Mungu na wazee wetu waliotangulia wakulinde njia zako zote, wakupe afya, na wakujalie ufike tisini na saba ukiwa na meno ya kucheka.

Siku ya tatu baada ya sherehe niliamka kabla ya saa kulia. Nilijigusa bega. Nikala wali na supu, nikaenda shule, na kwenye somo la historia nikanyoosha mkono kusema kuhusu makarani wa Shuri. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Jioni nilipitia kwa Babu. Niliposikia bomba linafunguliwa nikasema kutoka mlangoni, "Babu, usinawe." Bomba likafungwa. Nikampa chai mkononi, bila sinia. Kisha nikavuka ua hadi ukumbini, nikavua viatu, nikamwomba Bwana Tamaki anionyeshe namna ya kusimama.

Mdogo wako anayekupenda hata baada ya yote uliyomtishia,

Yonamine Chinatsu