Maji Kwenye Siki

Jumanne, 10 Juni

Wanawake kumi na wanne kabla ya adhuhuri. Kazi ile ile. Siki kwenye mlango wa kizazi, dakika moja ya kusubiri, picha kwa simu, kisha mashine iseme. Penye dalili ya kansa siki hupageuza peupe, na ile akili bandia ndani ya simu inautafuta weupe huo. Inajibu "Kawaida" au "Angalia". Nimeipa jina Bi Mkubwa, maana ikishasema sote tunafyata mkia.

Siki inaisha. Imebaki robo chupa. Gari la kutuletea nyingine liko mtaa wa Rohero, halina mafuta, kama nusu ya magari ya mji huu. Na kwenye benchi wamekaa wanawake waliotembea kwa miguu toka mtaa wa Kinama, mbali. Niwarudishe? Sina uso huo. Nimeongeza maji yaliyochemshwa. Mama yangu alilea watoto saba kwa kuongeza maji, kwenye sabuni, kwenye mchuzi, kwenye maziwa. Tumekua.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Furaha. Mkongomani wa Uvira, muuza vitenge, anavuka mpaka kila wiki. Miaka thelathini na minane. Ameolewa upya na anataka kumzalia mume mpya. Kila akilala naye anatoka damu.

Nimeangalia. Upande mmoja pako kama pamekwaruzwa. Sikupapenda. Nimepaka siki, nimesubiri, nimepiga picha. Kawaida. Nimepiga ya pili. Kawaida. Kadi inasema arudi baada ya miaka mitatu.

"Mashini inasema niko muzima?"

Nimesema ndiyo. Amenikumbatia kabla hata hajashuka kitandani, tumecheka karibu tuanguke wote wawili.

Miaka kumi na tisa ya kuangalia kwa macho haya, na leo nimeyanyamazisha. Sikutaka kuonekana bibi wa zamani anayebishana na simu.

Jumatatu, 16 Juni

Maji tena. Kidogo tu.

Ijumaa, 4 Julai

Daktari Aimé, msimamizi wa mradi, amekuja na tabasamu hadi masikioni. Mwezi wa sita "Angalia" zimepungua sana. Atawaonyesha wakubwa wake. Amenisifu mbele ya Spès, mkunga mwenzangu ninayechangia naye chumba. Nimefurahi kama mtoto aliyepewa nguo ya Idi. Naona haya kuliandika, lakini nimefurahi.

Jumatano, 9 Julai

Siki mpya imefika jana. Leo wanawake tisa, "Angalia" nne. Nne! Spès anasema Bi Mkubwa amepandwa na wazimu.

Si wazimu. Nimeuona weupe kwa macho yangu, mzito kama ukoko wa uji. Spès alipotoka nimeitafuta chupa ya zamani, lilikuwa limebaki tone. Nimeonja. Nikaonja ya mpya, ikanikunja uso mzima. Ile ya zamani ni maji. Maji yenye harufu.

Karibu mwezi mzima nimewapaka wanawake maji, nikawapiga picha, nikawapa kadi za miaka mitatu. Mashine ilisema kweli kuhusu kile nilichoionyesha. Mimi ndiye niliyeonyesha uongo.

Na wa kwanza kunijia kichwani ni Mama Furaha.

Alhamisi, 10 Julai

Sikusema.

Daktari Aimé ameshawaandikia waliotengeneza mashine, anawauliza wameigusa wapi. Kwenye benchi wanawake wanaambiana simu ile ina jini, juzi ilikuwa inawapenda watu na sasa inawachukia. Mimi naandika majina, kichwa chini. Ningeweza kusema neno moja tu. Sijasema. Najichukia, na bado sijasema.

Jumatatu, 14 Julai

Nimesema. Nimefunga mlango wa ofisi ya Daktari Aimé nikasimama kama mwizi. Siki, maji, tarehe, yote.

Nilitaka anitukane. Badala yake ameinuka, amerudishia dirisha, akasema kwa sauti ya chini: "Mama Idi, tuseme tu mashini ilikosea. Nani atauliza?"

Anauogopea mradi. Mimi naiogopea kazi yangu, na mwanangu Idi yuko mwaka wa mwisho wa masomo. Naandika ukweli: kwa muda wa pumzi tatu nilikubali moyoni. Nilishaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Mashine haina ndugu wa kuja kulalamika.

Kisha nikamuuliza, wale wa mwezi wa sita nani atawaita? Tukisema mashine imekosea, wataifunga kabatini, na wanawake watakaa na kadi zao. Mama Furaha atakaa na kadi yake miaka mitatu. Hiyo miaka mitatu hana.

Nimeandika barua kwa mkono wangu. Nimeweka sahihi. Amenitoa chumba cha uchunguzi, nakaa mezani na daftari hadi wakubwa waamue. Ana haki. Imeniuma vibaya sana.

Jumanne, 22 Julai

Tunawaita mmoja mmoja. Spès anapima, mimi napiga simu. Wengi wanakuja. Kwa wengine mume ndiye anayepokea, na mume akisikia mkewe anaitwa tena kule, anataka kujua kapata wapi ugonjwa na kwa nani. Leo mmoja alinipigia mwenyewe, akanitukana hadi salio lake likaisha. Nimempigia tena. Kesho anamleta mkewe yeye mwenyewe.

Namba ya Mama Furaha haipatikani. Ni ya Kongo. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu baada ya sala ya adhuhuri, nimejaribu sasa hivi.

Jumamosi, 26 Julai

Soko la kwa Siyoni, upande wa vitenge. Nimeuliza meza hadi meza. Nilikuwa mjinga, nimekwenda na daftari mkononi. Wameniona wakadhani natoka ofisi ya karatasi za wageni.

"Apana, mama. Ule mutu hatumujue."

Mmoja alisema hivyo huku akikunja kitenge kilekile mara ya tatu. Wanamjua. Nimewaachia namba yangu, nimesema ni mambo ya hospitali. Hapo ndipo wakafunga midomo kabisa. Nimerudi nyumbani Buyenzi kwa miguu, nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 30 Julai

Nimerudi bila daftari. Nimekaa na yule wa kukunja kitenge, nimemwambia kosa langu lote kama nilivyomwambia daktari. Amesikiliza. Amenipa kigoda.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja mwenyewe. Amepungua. Alisimama mbele ya meza yangu, watu wote kwenye benchi wanaangalia, akasema ameambiwa namtafuta.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yamekimbia. Nimesema siku ile mashine haikukosea, mimi niliweka maji kwenye siki, na kwa hiyo ugonjwa kama upo haukuonekana.

"Mayi?" Akarudia. "Uliniwekea mayi? Na mi nikaenda kuambia bwana yangu niko muzima."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ameuliza nani atampima. Nimesema Spès. Akasema vizuri, kwa sababu "mukono yako siitake". Nimesema sawa. Ni sawa.

Spès amempima hapo hapo. Nilikuwa nje ya pazia. Simu ililia ule mlio wake mfupi, halafu Spès akaniita nilete karatasi za rufaa. Alinionyesha picha. Peupe upande uleule ambao sikuupenda mwezi wa sita. "Angalia". Sikuhitaji kuambiwa.

Jumanne, 26 Agosti

Majibu ya kipande walichokata. Ni kansa. Bado iko mahali pake, haijasambaa. Wataondoa kizazi.

Daktari Aimé amenivuta pembeni, anasema hata mwezi wa sita jibu lingekuwa hilihili, upasuaji huuhuu. Miezi miwili kwa ugonjwa huu si kitu. Labda. Anasema ili nilale. Nimemshukuru. Lakini najua nilikuwa nimemwachia miaka mitatu, siyo miezi miwili, na hilo halina dawa.

Mama Furaha aliuliza jambo moja tu, kama kuna njia abakie na tumbo la kuzalia. Hakuna. Tangu hapo mume hapokei simu zake.

Ijumaa, 5 Septemba

Wakubwa wameamua. Nabaki, ila mezani, mwaka mmoja. Siki sasa inafungwa kwenye kabati lenye kufuli na kila siku wanaijaribu kabla ya kumgusa mtu. Nimependekeza mimi. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemsindikiza hospitali. Hakunikataza.

Wodini muuguzi alikuwa anajaza fomu. Jina, umri, mtaa. Kisha akauliza garde-malade wake ni nani, yaani mtu wa kumpikia, kumfulia na kulala naye hapo, maana bila huyo hawampokei. Mama Furaha aligeukia ukuta. Dada zake wako Uvira. Bwana tumeshamwelewa. Muuguzi akauliza tena, kalamu juu.

Mama Furaha akanielekeza kwa kidevu, macho yakiwa bado ukutani.

"Njo huyu."

Nimeandika jina langu. Chini yake wameacha nafasi ya undugu. Nilimtazama aniambie niandike nini, lakini alikuwa amegeuka upande wa pili. Nimeiacha wazi.

Upasuaji ni kesho asubuhi. Nimetandika shuka, nimeuliza wanapikia wapi, wamenionyesha jiko la nyuma. Kisha nimetoka kununua makaa.