Gari Halipokei Msiba

Jumamosi, Kibaha. Mvua ya masika inanyesha tangu alfajiri, bila ngurumo. Siumwi, wala sina hasira na mtu. Nimechoka tu, na leo nilikuwa na jambo moja la kuamua.

Kwa miaka mingi mimi na mume wangu tulibishania kitu kimoja: tuanze na nyumba au tuanze na gari. Akiba yetu ilitosha kimoja. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, mimi mwandishi wa habari; hakuna kati yetu aliyezoea kuachia hoja. Tulibishana tukila, tukianua nguo, hata tukirudi kanisani.

Yeye alitaka gari. Mama yake anaishi peke yake Maneromango, na masika yakianza mabasi huishia njiani. Alikuwa akisema nyumba haitampeleka kwa mama.

Mimi nilitaka nyumba. Nilimwambia mpangaji akifa hana pa kusimamisha hema. "Gari halipokei msiba, Baba Upendo."

Alicheka. Akasema hiyo ni hoja ya mtu aliyeripoti misiba mingi mno.

Alianguka darasani, wakati wa vuli. Kiharusi. Jioni haikumkuta hai.

Kabla ndugu hawajafika, mwenye nyumba wetu alipiga hodi. Uani kwetu tuko wapangaji wanne, bomba moja, choo kimoja. Alinishika mkono, akanipa pole. Kisha akasema, "Mama Upendo, watu watalala wapi hapa? Si mna kwenu Maneromango?"

Aliyasema kwa upole, na baadaye alileta mchele na mafuta ya kupikia. Siwezi kumwandika vibaya. Alikuwa sahihi.

Na mimi nilikuwa sahihi. Nilishinda ubishi.

Sina wa kumwambia.

Msiba tukaupeleka Maneromango. Gari lililobeba jeneza lilikuwa la kuazima. Tulipopita Kibuta likanasa kwenye tope, wanaume wakashuka na suti zao kulisukuma. Barabara ile nimeiandikia habari mara nyingi, na kila mara alikuwepo kiongozi wa kusema itatengenezwa. Siku ile nilikaa pembeni ya jeneza, nikafikiri kwamba naye alikuwa sahihi.

Tulipomaliza arobaini, mama mkwe alinisindikiza na fimbo yake mpaka kituoni. Si mtu wa maneno mengi. Alisubiri basi liwashwe ndipo akasema, "Masika yakija majani yatamfunika mwanangu. Mimi mgongo hauinami tena. Utakuja?"

"Nitakuja, mama."

Nimejaribu mara moja tangu mvua zianze. Basi liligeuza njiani, nasi tukarudi nalo.

Leo asubuhi dalali wa viwanja wa kule Janga, nje kidogo ya mji, alinipigia. Ana kiwanja alichotuonyesha mwaka jana, mimi na mume wangu, na amepata mteja mwingine. Alitaka neno langu la mwisho. Nikachukua mwavuli nikaenda. Nilimkuta ananisubiri barabarani, mchangamfu kama siku zote.

"Shikamoo mama. Leo mzee umemwacha wapi? Au bado anang'ang'ania gari lake?"

"Marahaba. Tulimzika wakati wa vuli."

Akavua kofia. Hakuivaa tena mpaka tulipoachana, na mvua yote ilimnyeshea kichwani.

Kiwanja ni kizuri. Kimeinuka kidogo, maji hayatuami, majirani wamekwisha kujenga. Nilisimama pale nilipokuwa nimepanga iwe sebule. Mume wangu alisimama papo hapo mwaka jana akauliza kwa kejeli gari litalala wapi. Nikajaribu kuiona nyumba.

Niliona hema tu.

Upendo, binti yetu, ameolewa Dodoma na ana maisha yake huko. Katika nyumba hiyo ningeishi peke yangu. Na msiba ambao ingekaa ikiusubiri ni mmoja, wangu.

Nilimwambia dalali ampe yule mteja mwingine. Hakunibembeleza. Kwa dalali, hiyo ni heshima kubwa.

Sijioni nimepata hekima yoyote. Huenda baada ya mwaka nitajuta, kodi ikipanda na mwenye nyumba akinikumbusha kwamba ua ni wa watu wanne. Lakini mama mkwe yuko kule, mume wangu yuko kule, na mvua hainisubiri nimalize kupima hoja.

Jumatatu naanza kujifunza udereva. Nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kushika usukani. Yeye angecheka kwanza, kisha angedai ushindi wake.

Jioni, kabla ya kurudi nyumbani, nilipita dukani nikanunua jembe dogo la kupalilia.

Gari bado sina. Jembe liko nyuma ya mlango.