Chumvi Uliyomwaga Kwenye Ngazi za Mama

Mdogo wangu Seif,

Mikomamanga saba kati ya kumi na moja aliyotuachia mama huku Jabal Akhdar, mlimani Oman, imekufa. Wa kwanza ulikauka mwezi wa tatu, wa saba wiki iliyopita. Minne iliyobaki bado ina uhai kwenye shina, na kuiokoa yote kunataka maji yako. Simu zangu sita hukupokea, basi nakuandikia mbele ya watu, wasome na wao.

Unaikumbuka theluji yetu ya kwanza? Mama, mzaliwa wa Unguja, ameduwaa mlangoni na kanga mbili kichwani. "Hii nayo inafagiliwa vipi?" Hakumngoja mtu amjibu. Mwaka uliofuata alikuwa keshajua. Jioni mbingu zikifunga, anatutuma tutandike magunia matupu juu ya vidato vyote kumi na tisa vya ngazi. Asubuhi wewe unashika pembe mbili, mimi mbili, tunaikung'utia theluji chini ya mikomamanga, ikayeyuka polepole, maji ya bure. Palipoganda tulinyunyiza mchanga wa wadi, lile bonde la mto mkavu, na kokwa za tende zilizotwangwa, mguu usiteleze. "Msiiache ikakanyagwa," alikuwa akisema, "ikikanyagwa inakuwa jiwe." Wewe kicheko kikikushika unaziachia pembe zako, na theluji yote inanimwagikia mimi. Wakati ule sikukasirika.

Msimu wa baridi uliopita ulikuja kutoka Kanada kwa siku tisa, ikaanguka theluji ya vidole vitatu. Mimi nilikuwa dukani kwangu Birkat al-Mauz, chini ya mlima. Nilikwambia kwenye simu kwamba magunia yako nyuma ya mlango. Ukanijibu, "Dada, hayo mambo ya kizamani. Sisi kule tunamwaga chumvi, dakika kumi khalas." Ukamwaga mifuko miwili uliyonunua Nizwa, kilo hamsini. Nilipopanda nilikuta ngazi safi kama sahani, na maji yake yote yameshukia shambani, maana hayana njia nyingine. Nikakuuliza, "Hukuona yanakokwenda?"

"Chumvi kidogo tu, dada. Usinifanyie vituko."

Kidogo. Kilo hamsini kwa vidato kumi na tisa ni zaidi ya kilo mbili na nusu kila kidato. Mama hakuwa akitia chumvi ya namna hiyo hata kwenye pilau ya arusi.

Sasa chumvi hiyo haitoki mizizini ila kwa kuisukuma chini na maji matamu, mengi, kwa mpigo mmoja. Zamu yangu ya falaji, mfereji tunaogawana hapa kijijini, ni nusu saa kila siku nane. Inalowesha miti miwili. Nusu saa yako aliyokurithisha baba ingelowesha miwili mingine, lakini umemwachia jirani kwa ujumbe wa simu bila hata kuniuliza. Nilikwenda kwa arifu anayepanga zamu. Akaniambia, "Mwanangu, maji ya Seif ni ya Seif. Nipate kauli yake, leo hii nitakugeuzia."

Sikuambii uje. Wala sitaki uniombe radhi, kwani samahani haimwagilii mti. Shamba hili nimelilima peke yangu miaka kumi na mbili na sijakuomba hata siku moja ya kazi. Naomba nusu saa.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, arifu anafunga orodha ya zamu za msimu mzima. Ikipita hapo, miwili kati ya hiyo minne nayo basi. Kaa salama huko uliko, na kabla ya adhuhuri hiyo niambie kwa neno moja: maji yako unanipa, ndiyo au hapana?

Dada yako