Maelezo ya Ziada Kuhusu Ukurasa wa Hadithi Ulioporwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mama Sura (jina la uandishi, ndilo analojulikana nalo hata mtaani)
Umri: miaka 36
Kazi: mwandishi wa hadithi mtandaoni
Makazi: nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Naandika hadithi sura kwa sura, wasomaji wanalipia kila mwezi, na ndiyo kazi inayotulisha tangu mume wangu apunguzwe kazini.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, asubuhi, nilishindwa kuingia kwenye ukurasa wangu. Nywila ilikuwa imebadilishwa. Mchana sura mpya ikatoka kwa jina langu, nami sikuiandika. Ilikuwa na mambo niliyoyasimulia nyumbani tu. Mume wangu alisema, "Huyu ni dada yangu. Nani mwingine anashinda na simu yako?"

Ni kweli wifi yangu husoma rasimu zangu kabla ya mtu yeyote. Nilimwuliza. Alilia, akasema, "Wifi, mimi nikuibie wewe?" Tarehe 8 mume wangu alinileta hapa kituoni, nikalalamika, wifi akakamatwa.

Jioni ile msomaji wangu mmoja alinipigia. "Dada, mbona siku hizi unaandika kama unasoma taarifa ya kikao? Kila aya kimsingi, kimsingi." Nilizisoma upya sura zote za wizi zilizotoka tangu tarehe 3. Mimi sijawahi kuliandika neno hilo kwenye hadithi. Nyumbani kwetu analitumia mtu mmoja, hata akiomba chumvi.

Kesho yake, nikimenya viazi, nilimwambia mume wangu kwamba yule mjane wa kwenye hadithi hauzi tena nyumba, anaichoma moto. Nililibuni palepale. Sikuliandika popote, wala sikumwambia mwingine. Wifi alikuwa mahabusu na simu yake mnayo ninyi.

Leo tarehe 10, saa nne asubuhi, sura imetoka. Nyumba imeungua.

Afande ameniuliza kama naijua sababu. Siijui. Ninachokumbuka ni kwamba mwezi uliopita wageni walikuja kunipongeza, mmoja akamwita mume wangu "Bwana Sura". Alicheka pamoja nao. Walipoondoka hakula.

Niliyoyasema ndiyo ninayoyajua, sina la kuongeza. Mume wangu yuko nje kwenye benchi, anaamini nimekuja kumkandamiza dada yake. Naomba wifi afunguliwe kwanza nimwombe radhi, ndipo mumwite yeye.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Afisa aliyeandika: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri kuwa ni yake. Wifi yake ametolewa mahabusu saa saba mchana. Kabla hatujamweleza lolote, alimpita shahidi bila kumsalimu, akaenda kukaa benchini karibu na kaka yake, akamshika mkono.